Breki Zinapolia



Juma hili hatutazungumza habari za mashamba wala za mitihani. Tutazungumza habari ya sauti moja ambayo kila mtu akaaye Lubumbashi ameisikia: ule mlio mwembamba, mkali, uchomao masikio, utokao katika magurudumu ya gari linapopunguza mwendo penye njia panda. Watu husema, «Gari linalia.» Twataka kueleza kwa nini linalia, na zaidi ya hayo twataka kueleza ni lini mlio huo ni kelele tu, na ni lini ni onyo. Jambo hili tumejifunza kwa hasara yetu wenyewe, wala hatuoni haya kuwasimulia.

Gari letu ni dogo, nalo lilikwisha kutumika miaka mingi kabla halijatufikia. Mwaka huu plaketi zake za mbele zilikwisha kabisa, hata chuma kikaanza kukwaruza diski. Labda wako wasomaji wasioyajua maneno hayo, na tuyaeleze. Diski ni sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu. Plaketi ni vile vipande viwili vya unga mgumu ulioshindiliwa na kugandishwa juu ya bamba la chuma. Ukikanyaga breki, kifaa kilicho mfano wa koleo huibana diski kati ya plaketi hizo mbili, na gari hupunguza mwendo. Mafundi wetu, kwa desturi ya Kifaransa, huziita breki freni, na lile koleo huliita etrie. Sisi hapa tutasema koleo, ili mtoto wa shule naye afuate.

Basi, kwa kuwa kila mwisho wa juma twapita barabara ya Likasi pamoja na watoto wetu, nyuma na mbele ya malori makubwa yaliyobeba madini, tuliamua tusinunue plaketi za bei rahisi. Tulinunua diski mpya na plaketi ngumu zaidi, zile ambazo muuzaji alisema ni za safari nzito. Fedha hizo tuliziweka akiba miezi mitatu. Kijana mmoja wa garaji ya mtaani alizifunga kwa saa moja tu, tukamlipa, tukaondoka tumefurahi.

Furaha hiyo haikudumu. Asubuhi ya pili, tulipofika mbele ya lango la shule, gari lilitoa kilio ambacho kiligeuza vichwa vya wanafunzi wote. Wakubwa walicheka, wadogo wakaziba masikio. Tangu siku hiyo kila tulipokanyaga breki polepole, gari lililia. Ukiwa umenunua kitu kizuri kuliko cha kwanza, nacho chatoa kelele kuliko cha kwanza, moyo huingiwa na mashaka: Je, tumedanganywa? Je, breki hizi zitatushika siku ya hatari?

Ndipo mashauri yakaanza kumiminika. Jirani mmoja, mtu mwema asiyetutakia mabaya, alitujia jioni na chupa ndogo mkononi akasema: «Mwalimu, mbona wahangaika? Tia tone la mafuta juu ya diski, litanyamaza mara moja. Mimi nilifanya hivyo.»

Wasomaji, na tuseme wazi kabla hatujaendelea: shauri hilo laweza kuua. Ni kweli kwamba gari hunyamaza. Lakini hunyamaza kwa sababu plaketi haishiki tena, inateleza. Kazi yote ya breki ni msuguano, na mafuta ni adui wa msuguano. Tena plaketi hunywa mafuta kama vile ardhi kavu inywavyo maji. Ikiisha kulowa, haifai tena kuoshwa, yapasa kutupwa na kununua nyingine. Yeye apakaye mafuta juu ya diski apate kunyamazisha breki ni sawa na mtu amfungaye mbwa mdomo usiku ule mwizi amekuja.

Tulimshukuru jirani kwa adabu, nayo chupa hatukuifungua. Lakini lazima tukiri kosa letu: tuliendelea kuendesha gari hivyo hivyo majuma mawili, tukijifariji kwamba kelele haina neno.

Sasa tuulize: kilio hicho chatoka wapi? Mwalimu yeyote anayo majibu mkononi mwake, maana kila siku ashika chaki. Wajua kwamba chaki ndefu mpya, ikisimamishwa wima juu ya ubao, yaweza kupiga kelele ya kuwatetemesha wanafunzi. Ivunje vipande viwili, au uilaze kidogo, nayo itanyamaza. Ubao ni ule ule, chaki ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kushika. Chaki ipigayo kelele haitelezi kwa ulaini: yashika, yaachia, yashika tena, yaachia tena, mara nyingi mno katika sekunde moja, hata ikatetemeka. Mtetemo huo ndio sauti. Plaketi nayo hufanya vivyo hivyo juu ya diski. Hutetemeka mara elfu moja, mara elfu kadhaa, pengine mara elfu kumi na zaidi katika sekunde moja, nayo diski huupokea mtetemo na kuutangaza kama kengele ya kanisa.

Kilio hiki si jambo la jana. Mwaka 1902, Mwingereza mmoja aitwaye Frederick Lanchester, aliyetengeneza magari katika mji wa Birmingham, alipata hati ya uvumbuzi wa breki ya diski. Vipande vyake vya kubana vilikuwa vya shaba. Sisi watu wa nchi ya shaba twaweza kutabasamu, maana shaba hiyo ilipogusa diski ya chuma ilipiga kelele isiyovumilika. Baadaye Mwingereza mwingine, Herbert Frood, alipata njia ya kuinyamazisha kwa kuvika vipande hivyo asbesto. Hata hivyo breki za diski zilikawia kuenea. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yenye breki hizo yalishinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, na mwaka 1955 Citroën DS ilitokea na diski kwenye magurudumu ya mbele, ikauzwa kwa watu wengi. Ile asbesto nayo ilikuja kujulikana kuwa vumbi lake huharibu mapafu na kuleta kansa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha kuikataza mwaka 2005. Kwa hiyo fundi asipulize kamwe vumbi la breki kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, kwa kuwa hajui plaketi ya zamani ilitengenezwa kwa kitu gani. Na alilowanishe kwa maji, kisha alifute kwa kitambaa.

Turudi kwa gari letu. Mwisho wa majuma mawili, tulipokuwa tukitoka Likasi, lori lililokuwa mbele yetu lilisimama ghafula. Tulikanyaga breki kwa nguvu. Gari lilisimama, lakini liliuvuta usukani upande wa kushoto, na tulipotulia tulinusa harufu ya kitu kilichoungua. Watoto walikuwa nyuma, kimya. Mama yao hakusema neno, alitutazama tu. Siku ya pili yake, baada ya masomo, tulilipeleka gari kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote, ambaye sasa hupumzika nyumbani kwake.

«Mzee,» tukamwambia, «breki hizi ni mpya, nazo zalia.»

Hakushika spana. Alitaka kwanza kusikia habari. «Mwalimu,» akauliza, «zalia lini? Asubuhi tu, au mchana kutwa? Ukikanyaga, au hata usipokanyaga? Ukikanyaga kidogo, au kwa nguvu? Ni mlio mwembamba, au ni mkwaruzo mnene?»

Wasomaji, yashikeni maswali hayo, maana ndiyo nusu ya kazi. Gari likilia asubuhi tu, baada ya usiku wa mvua, kisha likanyamaza ukiisha kukanyaga mara chache, hiyo ni kutu nyembamba iliyoota juu ya diski usiku, nayo hufutika yenyewe. Likikwaruza hata usipokanyaga breki, tena mkwaruzo ukaenda pamoja na mzunguko wa gurudumu, yaelekea kijiwe kimeingia kati ya diski na bati la kuzuia vumbi, au bati hilo limepindika. Katika barabara zetu za changarawe jambo hilo ni la kila siku. Mkwaruzo mnene ukikanyaga breki, mfano wa chuma kusaga chuma, ni hatari: plaketi imekwisha, usiendelee na safari. Tena plaketi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma, uliowekwa makusudi uguse diski na kupiga kelele unga unapobaki milimita 2 au 3. Fundi akiufunga vibaya, upande usio wake, ulimi huo waweza kulia hata siku ya kwanza. Lakini mlio mwembamba ukikanyaga kidogo, baada ya kufunga vipande vipya, waweza kuwa na sababu nyingi, na hapo ndipo inapobidi kufungua.

Kabla ya kufungua, mzee alitupeleka mwendo wa kilomita 10 hivi, akatuomba tusitumie breki ila kwa lazima. Tuliporudi, alipitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Kisha alidondosha maji kidogo juu ya diski ya kulia: yalitiririka. Akadondosha juu ya ya kushoto: yalichemka, yakatoweka. «Basi,» akasema, «mgonjwa ni huyu.»

Aliinua gari kwa jeki, akaweka gogo chini yake, kwa maana jeki peke yake haiaminiki, akatoa gurudumu. Aliyoyaona, alituonyesha moja baada ya jingine.

La kwanza: kati ya plaketi na koleo hapakuwa na vile vibati vyembamba, wala vijichemchemi vya kuishika plaketi isichezecheze. Kijana wa garaji aliviona kuwa vitu vya bure, akavitupa pamoja na plaketi za zamani. Kumbe kazi ya vibati hivyo ni kuupokea mtetemo na kuumaliza kabla haujawa sauti.

La pili: diski mpya hupakwa mafuta kiwandani zisipate kutu katika safari. Yapasa kuzisafisha kwa dawa yake, au kwa maji ya moto na sabuni, na kuzikausha vizuri. Zetu zilifungwa kama zilivyotoka katika karatasi. Chini ya diski pia, pale inapokalia, kutu ya zamani haikusuguliwa. Kutu hiyo, hata ikiwa nyembamba kama ukucha, yaweza kuifanya diski izunguke ikiyumba, na pedali ya breki itatetemeka chini ya mguu.

La tatu ndilo kubwa. Koleo hukaa juu ya pini mbili, nalo hutelezea juu ya pini hizo ili libane pande zote mbili sawasawa. Pini moja ya kushoto ilikuwa kavu, imeshika kutu, haiendi mbele wala nyuma. Kwa hiyo plaketi ya ndani ilifanya karibu kazi yote, wala haikuiachia diski ipasavyo tulipoondoa mguu. Mzee alipima: plaketi ya nje ilikuwa bado karibu na milimita 11, kama mpya, ya ndani ilikuwa milimita 9, na uso wake ulikwisha kuungua na kung'aa kama kioo. Hayo yote katika majuma mawili.

Tulisimama tukitazama pini ile, isiyopita urefu wa kidole. Tulikumbuka ile chupa ya jirani. Kama tungalitia mafuta, gari lingalinyamaza, sisi tungalifurahi, na pini ingaliendelea kukwama. Kilio kilichotuaibisha mbele ya wanafunzi ndicho kilichokuwa kikisema kweli. Wahenga walinena: Mficha maradhi, kifo humfichua.

Ili mwanafunzi aelewe uzito wa jambo hili, na tufanye hesabu ndogo. Gari letu pamoja na watu na mizigo lina kilo 1,500. Likienda kilomita 80 kwa saa, nguvu ya mwendo wake ni karibu jouli 370,000. Ili lisimame, sehemu kubwa sana ya nguvu hiyo lazima igeuke joto ndani ya breki, tena kwa sekunde chache. Joto hilo lingeweza kuchemsha lita moja nzima ya maji. Likienda kilomita 40 kwa saa, nguvu hiyo si nusu, ni robo tu. Basi aongezaye mwendo mara mbili hudai breki kazi mara nne. Sasa fikirini breki ya upande mmoja, iliyokwisha kushika moto kabla ya kuitwa, ikiombwa kufanya kazi hiyo nyuma ya lori lililosimama.

Matengenezo hayakuwa ya gharama kubwa. Mzee alizitoa pini zote nne, za kushoto na za kulia, akazisugua kwa brashi ya waya, akazipaka grisi ya breki istahimiliyo joto na isiyodhuru mpira. Alituonya kwamba grisi ya kawaida huivimbisha mipira ya koleo, na pini hukwama upya. Alipaka pia grisi kidogo sana mgongoni mwa plaketi na kwenye masikio yake, palipogusana chuma na chuma, lakini usoni pa plaketi hakupaka hata chembe. Aliosha diski, akasugua kutu pale zinapokalia. Alilaza msasa juu ya ubao ulionyooka, akaulowanisha, akasugulia uso wa plaketi ule mng'ao mpaka ukatoka. Sisi tulinunua vibati na vijichemchemi vipya sokoni. Mwishoni alikaza nati za magurudumu kwa zamu, moja na ile iliyoielekea, ili diski isikazwe upande mmoja. Kisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, alikanyaga pedali mara kadhaa mpaka ikawa ngumu. Asiyefanya hivyo, akiisha kurudisha koleo nyuma, mguu wake wa kwanza utazama hadi sakafuni na gari halitasimama.

Likabaki jambo moja ambalo kijana wa kwanza hakutuambia: plaketi mpya na diski mpya lazima zizoezwe pamoja. Tulikwenda penye barabara tupu. Tukafika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, tukapunguza kwa breki, si kwa ghafula, hadi 10 hivi, bila kusimama kabisa; tukaendelea nusu dakika zipate upepo; tukarudia mara kumi. Hatimaye tukaendesha dakika kadhaa pasipo kugusa breki, zikapoa. Kwa njia hiyo tabaka jembamba la plaketi huhamia juu ya diski, likaenea sawasawa, na nyuso hizo mbili zikapatana. Ikiwa kiwanda kimeandika maagizo mengine katika sanduku la plaketi, mfuate hayo.

Je, gari limenyamaza? Kwa kweli, karibu. Asubuhi za baridi, mwezi wa Juni na wa Julai, bado hulia mara mbili tatu kabla halijapata joto. Mzee alitueleza kwamba plaketi ngumu, zenye chuma kingi ndani yake, hustahimili joto la safari nzito, lakini zikiwa baridi hupenda kulia. Aliye na safari za mjini tu angefaa kuchagua laini zaidi. Tulichagua nguvu, nayo ina bei yake. Kelele hiyo ndogo sasa twaijua, nayo haitutishi. Mkono wetu huenda mara kwa mara karibu na magurudumu yote baada ya safari, nayo yana joto lililo sawa kushoto na kulia.

Ninyi akina baba wenye magari, msione haya kumwuliza fundi amerudisha vitu gani na ametupa vitu gani. Gari ni lenu, na walio ndani yake ni wenu. Ninyi vijana mjifunzao ufundi, jueni kwamba saa moja zaidi ya kusafisha na kupaka grisi pini ndiyo tofauti kati ya fundi na mfungaji wa nati. Nanyi mama na wanafunzi mpandao teksi na basi, mna masikio. Mkisikia chuma kikisaga chuma, au mkinusa harufu ya kuungua kwenye gurudumu, mwambieni dereva kwa adabu, tena kwa sauti ya kusikika.

Yule jirani wetu mwema naye alikuja kumwona mzee akifanya kazi. Alisimama kimya muda mrefu. Jioni ile ile alileta gari lake.